Mtumbwi Nilioupiga Risasi Kule Ozi

Ukifika Garsen ukaulizia nyumba ya Mzee Jillo, askari wa wanyamapori aliyestaafu, utaulizwa, "Yupi? Yule aliyeua mtumbwi?" Jibu ndiye, watakuleta hadi mlangoni. Kwa miaka ishirini na tisa nilibeba bunduki ya serikali katika delta hii ya Tana. Nimefukuza viboko kwenye mpunga wa watu kule Wema, nimemwangusha nyati aliyekuwa ameshaua, nimekaa siku nzima juu ya mti nikimsubiri tembo aamue mambo yake. Katika hayo yote, lililobaki midomoni mwa watu ni mtumbwi. Sina kinyongo. Niliupiga kweli, na niliupiga katikati.

Ila hadithi inayosimuliwa mjini ni nusu. Nusu ya pili tuliijua watu wanne, na mmoja wetu ameshatangulia mbele ya haki. Nawaandikia nyinyi vijana mliovaa sare juzi, mnaoweza kusoma jina la duka mkiwa ng'ambo ya barabara na mkadhani hiyo ni tabia yenu njema. Si tabia. Ni umri. Macho yatawaacha siku moja, na hayatoi notisi.

Tuanze na bunduki yenyewe. Bunduki ya kawaida, isiyo na darubini, inakupa vitu vitatu vya kutazama. Kuna mwanya wa nyuma ulio karibu na jicho, kuna kijiti cha mbele kilichosimama mwishoni mwa mtutu, na kuna huyo unayemlenga. Jicho la kijana linaruka kati ya vitu hivyo vitatu upesi hata akafikiri anaviona vyote kwa pamoja. Hakuna binadamu anayeviona vyote kwa pamoja. Jicho linachagua kimoja, na mazoezi yote ya kulenga ni kulifundisha lichague kijiti.

Aliyenifundisha mimi alikuwa Sajini Kazungu, Mgiriama mfupi aliyetembea polepole na kusema polepole zaidi. Neno lake lilikuwa hili: "Mnyama akiwa ukungu, si neno. Kijiti kikiwa ukungu, rudi nyumbani ukalime." Alilirudia mara nyingi hata tukawa tunaliimba tukiwa jikoni. Lilikuwa na kipande cha pili ambacho hatukukiimba, kwa kuwa kilikuwa kirefu na hakikuwa na vina. Nitakileta baadaye, mahali pale pale nilipokikumbuka mimi.

Sajini alikuwa na mazoea mengine. Kila asubuhi, kabla ya chai, alichukua risasi moja, akanyoosha mkono hadi mwisho, akasoma kwa sauti vile viherufi vidogo vilivyogongwa kwenye kitako chake. Sisi wageni tulidhani ni dua. Asubuhi moja alinyoosha mkono, akanyamaza. Akaifuta risasi kwa shati, akanyoosha tena, akanyamaza tena. Kabla ya adhuhuri alikuwa amerudisha bunduki ghalani mwenyewe na kuomba apewe kazi ya kugawa mafuta ya gari. Tulimcheka. Mimi nilicheka kuliko wenzangu, maana nafasi yake nilipewa mimi.

Yangu yalianza nikiwa na miaka arubaini na sita. Kwanza mikono ilikuwa mifupi. Nikitaka kusoma maandishi ya chupa ya dawa, mkono unaishia kabla ya herufi kueleweka, na mke wangu ananyoosha wake anisomee. Kisha kijiti cha mbele kikaota manyoya. Baadaye vikawa vijiti viwili, na sikujua kipi ndicho cha serikali.

Sikiliza jinsi mtu mzima anavyoweza kuwa mjinga kwa utaratibu. Mwaka wa kwanza nililaumu bunduki. Niliisafisha hata mtunza ghala akanifanya mfano mbele ya wengine. Mwaka wa pili nililaumu risasi, nikasema risasi za siku hizi si za zamani. Mwaka wa tatu nililaumu jua. Mwaka wa nne sikuwa na wa kumlaumu aliyebaki, nikanyamaza, na kunyamaza ndiko kulikokuwa kubaya zaidi.

Kwa bahati, au kwa bahati mbaya, mwenzangu wa doria alikuwa Barisa. Barisa ni Muorma, amezaliwa na kukulia kwenye mbuga za ng'ombe. Akisimama hapa akaona ng'ombe amejitokeza ukingo wa mbuga, atakwambia ni wa nani, amezaa mara ngapi, na mguu gani unamuuma. Kasoro yake ni moja. Akifyatua bunduki, anafumba macho. Yote mawili. Amefunzwa, amekemewa, amefungwa uzi kwenye nyusi, bado anafumba.

Kwa hiyo tuligawana kazi bila hata kuizungumza. Yeye alikuwa macho, mimi nilikuwa bunduki. Tukifika shambani, ananong'ona, "Kiboko hiyo. Mwanamke. Naangalia Wema. Mtoto hapana." Mimi nainua, napiga hewani juu ya sikio la mnyama, kiboko anarudi mtoni, mwenye shamba anatupikia. Mara nyingi kazi yetu ilikuwa ni hiyo ya kupiga hewani, na hewa hata kipofu haikosi. Ndiyo maana niliweza kujificha muda mrefu.

Pasipokuwa na pa kujificha ni kwenye mtihani wa shabaha wa kila mwaka. Mnapangwa mstari, kila mtu na karatasi yake, risasi kumi kila mmoja. Mwaka ule wa nne Barisa alilala karibu nami. Tukapiga, msimamizi akaenda kuhesabu. Alikaa sana mbele ya karatasi yangu. Akahesabu kwa kidole, akahesabu kwa kalamu, akaniita.

"Jillo, umepiga risasi ngapi?"

"Kumi, afande."

"Hapa pana matundu kumi na mawili."

Akaenda kwenye karatasi ya Barisa, akakuta matundu saba. Akasimama katikati yetu. "Ishirini zimetoka, kumi na tisa zimefika," akasema. "Kwa watu wawili si vibaya. Mmepita." Mpaka leo Barisa anaapa kwamba alinipa zile risasi kwa makusudi, kwa ajili ya urafiki. Mimi namwambia hawezi kukusudia kitu akiwa amefumba macho. Hatujakubaliana. Lakini nilipita mtihani ambao ningepaswa kuanguka, na huo ndio msaada ulioniweka kwenye ukingo wa mto kule Ozi.

Kabla ya Ozi, nina deni la ufundi kwenu. Nililipata kwa taabu, nyinyi lipokeeni bure.

La kwanza ni miwani. Miwani ya kusomea gazeti imepimwa kwa umbali wa gazeti. Kijiti cha bunduki kiko mbali kuliko gazeti, kwa hiyo miwani hiyo itakuonyesha vizuri kidole chako na kukuacha hapo. Unahitaji iliyo hafifu zaidi. Sasa utaijaribuje? Huwezi kuingia dukani na bunduki ukajaribia miwani, utabaki peke yako humo ndani. Nilichukua ukuti mkavu wa mkoma, nikaukata sawasawa na umbali kutoka shavuni kwangu hadi kwenye kijiti, nikachomeka njiti ya kiberiti mwisho wake. Nikaenda nao Garsen kwenye duka la mama mmoja Msomali aliyekuwa na miwani kwenye sanduku la biskuti. Nikavaa moja, nikaweka ukuti shavuni, nikafumba jicho moja, nikalenga mikebe ya maziwa. Nikavua, nikavaa nyingine, nikalenga sabuni.

Yule mama akavumilia hadi ya sita. "Mzee," akasema, "wewe nanunua miwani, ama naroga duka yangu?"

Ya saba ndiyo iliyosimamisha njiti wima na nyeusi. Niliinunua. Nyinyi fanyeni hivyo hivyo, au bora zaidi, mpelekeeni daktari wa macho huo ukuti na mmwambie, nataka kuona hapa mwisho. Ataelewa.

Mimi nilipata miwani sahihi kisha nikaiweka mfukoni. Niliona aibu. Askari wa porini mwenye miwani ya kusomea, niliona, anafanana na karani aliyepotea njia. Kwa hiyo nikaenda kwenye la pili, ambalo ni tundu.

Barisa ndiye aliyenionyesha. Kwao wazee wakitafuta ng'ombe mbali hukunja ngumi, wakaacha katundu kadogo katikati, wakachungulia. Nilijaribu nikakuta ni kweli, kitu chenye manyoya kinanyoka. Nikaona ngumi haiwezi kushika bunduki na kuchungulia kwa wakati mmoja, nikachukua miwani yangu ya jua, ambayo yenyewe ilikuwa na heshima mbele za watu, nikang'oa kioo cha kulia, nikaziba kwa utepe mweusi, nikatoboa kwa sindano. Nikaivaa. Kijiti kikasimama safi, na kopo nyuma yake nalo likaonekana. Niliporomosha makopo matano kwa risasi tano. Nilikaribia kulia kwa furaha.

Hapa andikeni kwa wino mwekundu. Tundu lina gharama. Linapunguza mwanga, na linakukatia dunia yote ya pembeni. Asubuhi jua likiwa mgongoni, sawa. Alasiri jua likiwa usoni, unachokiona ni kipande tu, cheusi, na kilichobaki unakijaza wewe mwenyewe kutoka kichwani.

Na la tatu, ukikodoa kwa zaidi ya pumzi mbili, kijiti kinayeyuka hata kwa kijana. Shusha bunduki, tazama majani ya mbali, anza upya. Kushusha bunduki hakujawahi kumuumiza mtu.

Sasa Ozi.

Palikuwa na mamba aliyekuwa amechukua mbuzi wawili pale wanapotekea maji, kisha akarudi akaondoka na ndoo iliyokuwa mkononi mwa mwanamke. Mwanamke aliiachia upesi, hakupata hata mkwaruzo, lakini kijiji kikasema sasa basi. Tukatumwa, mimi na Barisa. Amri ilikuwa wazi. Tukimkuta ameanika mgongo ukingoni na hakuna mtu karibu, tumpige. Tulishuka kwa boti hadi Kau, tukaendelea hadi mkabala na Ozi, tukajibanza ng'ambo ya mto tukiutazama ukingo wa kijiji. Upana wa mto pale ni hatua mia na kitu.

Tulikaa hadi alasiri. Barisa akasimama, akatia udhu, akatandika kikoi chake nyuma ya kichaka. "Jillo, nipe dakika kumi," akasema. "Usipige kitu mpaka mimi nakuja."

"Swali kwa raha zako," nikamwambia.

Alipoanza kuswali nikamwona mamba. Alikuwa kwenye matope ya ukingo, mrefu, rangi ya kijivu, mgongo una mabaka na vinundu, pua imeelekea majini. Jua lilikuwa linanikabili na mto unawaka. Nikavaa miwani yangu ya utepe. Kila kitu kikawa cheusi isipokuwa kijiti, kimesimama kama kilivyosimama nilipokuwa kijana, na nyuma yake ule urefu wa kijivu ndani ya ukungu. Nikakumbuka Sajini Kazungu. Mnyama akiwa ukungu, si neno.

Nilikuwa na Barisa nyuma ya kichaka, macho bora kuliko yote katika wilaya, anamaliza rakaa nne. Nilijiambia mamba hangojei swala. Ukweli ni kwamba nilitaka kumwangusha peke yangu. Miaka minne nilikuwa naonyeshwa kama mtoto, kiboko huyu hapa, nyati yule pale. Nilitaka mara moja tu nione na kupiga mwenyewe, halafu Barisa akunje kikoi akute kazi imekwisha.

Nikapiga. Yule mnyama hakutikisika hata kidogo. Nikajisifu moyoni, nikasema amekufa kabla hajajua. Kisha mlio ukanifikia juu ya maji, na ulikuwa mlio wa mbao. Ko. Mamba hapigi ko.

Nikavua miwani. Kando ya mamba wangu akainuka mzee mwenye nyundo mkononi, alikuwa amechutama upande wa pili kwenye tezi, ule mwisho wa nyuma. Alikuwa Mzee Bakari wa pale Ozi, na huyo mamba kumbe ni mtumbwi wake, umepinduliwa juu ya magogo mawili ili uzibwe nyufa. Alikodolea macho ng'ambo huku akipepesa, dhahiri hanioni. Alipiga kelele, "Ewe uliye huko! Mtumbwi wangu umekukosani?"

Hapo ndipo hadithi ya mjini inapokwisha, na watu wanacheka. Mimi niliendelea kusikia. Sauti ya mwanamke ilitoka chini ya mtumbwi, tulivu, ya mtu aliye kazini.

"Bakari, na hapa pana mwangaza." Kisha tena: "Na huku pia."

Nyinyi wa bara hamjui kazi hii, niwaeleze. Watu wa Ozi wanapokalafati mtumbwi, yaani kushindilia pamba na mafuta kwenye nyufa, wanaupindua mchana wa jua. Mmoja anabaki nje na nyundo. Mwingine anaingia chini, analala chali gizani, anatafuta vidoa vya mwangaza. Palipo na mwangaza ndipo maji yatakapopita. Anachomeka mwiba, mwiba unatokeza nje, mwenye nyundo anaujua mahali pa kuziba. Aliyekuwa chini siku ile alikuwa Bi Mwanaidi, mke wa Mzee Bakari. Risasi yangu ilikuwa imeingia ubavu mmoja na kutokea wa pili, na yeye yuko katikati. Alidhani mumewe amegonga nyundo kwa hasira.

Nikasimama nimeshika kichwa kwa mkono mmoja. Barisa alikuja na vumbi la sijda kwenye paji la uso, akatazama ng'ambo, akaona yote kwa mara moja, hata vibanzi vya mbao kwenye nywele za yule mama alipokuwa anatoka. Akaniondolea bunduki mkononi taratibu, akatoa risasi, akaniongoza hadi kwenye boti.

Tulipofika kijiji kizima kilikuwa pale, na Bi Mwanaidi alikuwa ameshasimama kando akikung'uta leso. Mzee Bakari aliwaambia watu kwamba askari amemsaidia kutafuta matundu, na kwa kuwa hakupata ya kutosha ameongeza mawili. Watu walicheka hadi wakakaa chini. Hakutaja kwamba mkewe alikuwa ndani. Walipotawanyika akanishika kiwiko.

"Ndoo," akasema, yaani njoo kwa lugha ya kwao. "Ingia."

Nikaingia chini ya mtumbwi, nikalala chali pale alipolala Bi Mwanaidi. Matope yalikuwa bado na umbo la kichwa chake. Juu ya uso wangu palikuwa na vidoa viwili vya mwangaza, kimoja kulia, kimoja kushoto. Mzee Bakari akaingiza mkono, akapapasa, akaweka kidole gumba puani kwangu na kunyoosha kidole kidogo kuelekea juu hadi mstari wa yale matundu. Ilikuwa shibiri moja, haikuzidi.

"Sikusema mbele ya watu," akaniambia kutoka nje, "wangekutupa mtoni na bunduki yako, na yule mamba angepata haki yake. Nakwambia wewe. Mimi mato yangu yalikwisha kale. Vidoa hivyo sivioni. Ndiyo sababu yeye huingia. Wewe, nani huingia badala yako?"

Nilikuwa na wa kuingia badala yangu. Nilishindwa kumngojea amalize swala.

Na pale chini, ndipo nilipokikumbuka kipande cha pili cha maneno ya Sajini, kile kisichokuwa na vina. "Mnyama akiwa ukungu, si neno, lakini awe mnyama uliyekwisha kumjua kabla hujainua bunduki." Tulikuwa tumeimba nusu miaka ishirini.

Njiani kurudi Barisa akasema, "Sisi naandika risasi ya onyo." Nikakubali. Tuliandika hivyo, nikatia saini. Asubuhi yake, kabla ya chai, nilichukua risasi moja, nikanyoosha mkono hadi mwisho, nikatazama kitako chake. Hapakuwa na herufi. Palikuwa na kitu cha duara. Nilikwenda kwa mkuu wa kituo, nikaweka bunduki mezani.

"Macho yangu yamekwisha, afande. Na ile ripoti ya Ozi si kweli, nilidhani mtumbwi ni mamba."

"Yamekwisha tangu lini?"

"Miaka minne."

Akaichana ripoti, akaniambia niandike upya. Niliandika mtumbwi. La Bi Mwanaidi sikuliandika, na hili ndilo ninalowaungamia leo. Nilimaliza utumishi wangu nikigawa mafuta ya gari, kazi ile ile ya Sajini Kazungu, na vijana wa wakati huo walinicheka, ikawa haki yangu. Barisa alikasirika wiki nzima, akidhani nimemwacha. Kisha wakampa kijana mwenye mkono imara asiyejua kutofautisha kiboko na jiwe, wakaelewana sana.

Baada ya kustaafu binti yangu alinipeleka Malindi. Kumbe manyoya ya kijiti yalikuwa ya uzee wa kawaida, lakini lile la mto kuwaka na jua kujaza jicho lilikuwa mtoto wa jicho, na linatolewa. Walilitoa. Nilirudi nyumbani nikaona kuta zetu ni chafu, na mke wangu amezeeka, naye akaona kwamba nimeona.

Nikiwa bado na kitambaa usoni, habari zikaja kwamba Mzee Bakari wa Ozi amefariki. Sikwenda kuzika. Nilisema ni jicho, daktari amekataza vumbi. Jicho lilipona na bado sikwenda. Mwaka ulipita, eda ya mjane ikawa imekwisha zamani, nikaishiwa na sababu. Nikashuka hadi ng'ambo ya Ozi, nikasimama pale pale palipokuwa na kichaka cha Barisa, nikapunga mkono kuomba kuvushwa.

Mtumbwi ulikuja, na aliyeshika kafi alikuwa Bi Mwanaidi. Niliingia, nikakaa katikati. Kila upande wa magoti yangu palikuwa na kizibo cha mti mwekundu kwenye mbao za kijivu. Kwa macho yangu mapya niliviona vizuri kuliko nilivyopenda. Cha kushoto kilikuwa kinatoa jasho.

Tulipofika katikati ya mto nikasema.

"Bi Mwanaidi, pole kwa msiba. Mimi ndiye—"

"Nakuyua," akasema, hakuacha kupiga kafi. "Nalikuona siku ile, umesimama huko umeshika kichwa. Mato yangu mimi ni mazima."

"Nilikuwa sioni, mama. Nilijua kwamba sioni, na nikapiga. Nisamehe."

Alipiga kafi mara tatu, nne. Maji yalikuwa yameanza kukusanyika miguuni pangu. Akainama nyuma, akachukua kopo la bati, akanirushia mapajani.

"Hilo la kushoto huvuja tangu siku hiyo," akasema. "Tundu lako hilo. Kumba mai."

Nikakumba maji mpaka ng'ambo, na wakati wa kurudi vilevile.